Binti yangu ni hodari darasani, lakini mtihani wa maumbo unamliza. Nimsukume au nimwache?

Mpendwa Mshauri,

Hujambo? Mimi ni mama wa watoto wawili. Naishi Donholm, Nairobi, na hapo hapo mtaani nina kibanda cha kushona nguo. Mume wangu ameajiriwa Eneo la Viwanda. Hatulali njaa, lakini pia si watu wa kuchezea pesa.

Ninayekuandikia habari zake ni kifungua mimba wangu, msichana wa miaka 11 aliye Gredi ya 6. Ni mtoto wa vitabu tangu alipojua kusoma. Insha zake za Kiswahili husomwa mbele ya darasa, na hesabu hazimsumbui. Mapema mwaka huu wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alituletea habari kwamba kuna shule moja ya kimataifa inayofuata mtaala wa Uingereza, na kwamba hutoa ufadhili wa nusu karo kwa watoto wachache wanaoingia Mwaka wa 7. Akasema mtoto akiupata, nusu iliyobaki atalipa yeye. Nyumbani tulishangilia kama vile barua ya kuitwa imeshafika.

Kumbe mtihani wenyewe si Kiingereza na Hisabati peke yake. Kuna mwingine wanaouita CAT4, na ndani yake mna sehemu isiyo na neno hata moja la kusoma. Ni miraba, pembetatu, mishale na vitone. Unaonyeshwa maumbo matatu yenye kitu kinachoyaunganisha, kisha unatafuta la nne linaloingia kundi hilo. Au unapewa kisanduku chenye vyumba, kimoja kitupu, ujaze kinachofaa. Mimi mwenyewe mengine nayatazama hadi macho yanachoka.

Tulimpeleka kituo cha tuisheni upande wa Kilimani. Wakampima kwa kompyuta na kutupa ripoti: maneno 113, namba 109, maumbo 91. Mwalimu akasema hiyo 91 ni hatari, na kwamba ni lazima aje kila Jumamosi hadi siku ya mtihani, shilingi 2,000 kwa kipindi. Jumamosi ndiyo siku yangu ya wateja wengi, na ndiyo siku binti alikuwa akinisaidia kibandani. Siku hizi nafunga tunapanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi.

Sasa mtoto amebadilika. Alikuwa akichora magauni nyuma ya madaftari yake, ameacha. Juzi jioni alikuwa mezani na kijitabu cha maumbo, ametafuna penseli mpaka rangi imebanduka. Mdogo wake wa miaka 8 akapita nyuma ya kiti na mandazi mkononi, akachungulia, akasema, "Si ni C?" Na kweli ilikuwa C. Dada mtu akafunga kitabu, akaenda kulala bila chakula cha jioni. Tangu siku hiyo nikitoa kile kijitabu tumbo lake linauma. Nimemsikia akimwambia rafiki yake kwamba yeye ni mjinga wa maumbo.

Baba yake anasema hii ni akili ya kuzaliwa. Kwake yeye, kumfundisha mtoto mtihani wa aina hii ni kuwadanganya wenye shule, kisha aingie huko azame. "Kama hana, hana," ndivyo anavyosema. Wifi naye hupiga simu kila Jumapili kuuliza alama zimepanda kwa kiasi gani. Na wiki iliyopita yule mwalimu wa tuisheni aliniita kando akaniambia anaweza kunipatia "karatasi zenyewe" kwa shilingi 15,000. Sikumjibu ndiyo wala la.

Zimebaki wiki nane, na KPSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6, nayo inakuja mwishoni mwa mwaka. Je, maswali haya hufundishika? Ninamsaidia mwanangu au ninamvunja? Nikimtoa, wifi atasema nimemchezea bahati mtoto wa kaka yake, na huenda atakuwa amesema kweli. Nishauri, tafadhali.

Mama wa Wawili, Donholm


MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu Mama wa Wawili,

Umeniuliza kama maswali ya maumbo hufundishika, na swali hilo nitalijibu. Lakini barua yako imebeba zaidi ya hilo. Una mtoto aliyezoea kuwa wa mbele, na kwa mara ya kwanza amekutana na kitu ambacho juhudi zake za kawaida hazikigusi. Una mume anayeogopa mwanawe asije akaaibika kwenye shule ya wenye nazo. Una wifi mwenye moyo wa kutoa, ambaye simu zake zimegeuka mzigo. Na una mtu wa kando anayekuuzia njia ya mkato. Wewe uko katikati, na kibanda umekifunga Jumamosi. Pole sana. Mahali kama hapo mtu huchoka hata kabla ya kufanya lolote.

Naomba tuanze na ile 91, maana naona ndiyo iliyoleta hofu nyumbani. Katika CAT4 halisi, alama si asilimia. Mtoto hulinganishwa na wa umri wake, na 100 ndiyo wastani. Karibu theluthi mbili ya watoto wote huangukia kati ya 85 na 115. Kwa hiyo 91, hata tukiichukua ilivyo, iko ndani ya kundi kubwa la katikati. Tena ripoti halisi huonyesha kando ya kila alama kwamba alama ya kweli inaweza kuwa juu au chini kidogo, kwa sababu mtoto yuleyule akipimwa siku nyingine hapati namba ileile. Sisemi 91 inatosha kwa ufadhili unaogombewa na wengi. Huenda isitoshe, ikiwa shule inatazama kila sehemu peke yake. Lakini kati ya "huenda isitoshe" na "hatari" pana nafasi kubwa, na neno la pili limetoka kwa mtu anayelipwa kwa kila Jumamosi mnayokwenda. Kituo kinachouza tuisheni ndicho kilichompima mtoto, kwa mtihani wake chenyewe. Sidai wamedanganya. Nakuomba tu usiichukue namba ile kama cheti cha daktari.

Halafu kuna jambo jingine kwenye ripoti ile. CAT4 ina sehemu nne: maneno, namba, maumbo, na ya nne inayopima namna mtoto anavyogeuza na kukunja vitu akilini. Wewe umenitajia tatu. Ya nne iko wapi? Kama hawakumpima, basi mmeambiwa udhaifu wa mtoto bila kuambiwa habari yote. Katika sehemu hiyo mtoto huonyeshwa karatasi inayokunjwa mara moja, mara mbili, inatobolewa tundu, kisha anaulizwa ikikunjuliwa matundu yatakaa wapi. Nilipofika hapo nilikifikiria kibanda chako. Mtoto aliyekuona ukikunja kitambaa mara mbili, ukachora nusu ya kola kwenye mkunjo na kukata, kisha ukakikunjua kola ikatoka nzima, ameliona swali hilo mara nyingi bila kujua kwamba ni swali. Anajua pia kwamba mkono wa kulia na wa kushoto wa blauzi hukatwa kwa kugeuza karatasi ya vipimo, la sivyo utabaki na mikono miwili ya upande mmoja. Anajua kitenge chenye ndege hakikatwi kinyumenyume. Huyu si mtoto asiyeyaona maumbo. Inawezekana hajaelezwa kwamba anayoyaona kibandani na yaliyo kwenye kijitabu ni ndugu.

Sasa nije kwa baba yake. Maneno yake ni makali, lakini nyuma yake nasikia mapenzi, na ana sehemu ya haki. GL Assessment, wachapishaji wa CAT4 huko Uingereza, nao husema huu si mtihani wa kudurusiwa kama Sayansi. Unakusudiwa kuonyesha mtoto anavyofikiri akikutana na jambo geni. Lakini kutoka hapo hadi "kama hana, hana" ni mbali. Maswali ya maumbo yalipata umaarufu kupitia mtihani wa Mwingereza John Raven uliochapishwa mwaka 1938, na kwa miaka mingi watu waliamini unapima akili tupu isiyoguswa na shule wala maisha. Watafiti wakaupeleka hapa hapa kwetu Kenya, Embu, kwa watoto wa mashambani: kundi moja mwaka 1984 na jingine mwaka 1998. Watoto wa 1998 waliwashinda wale wa 1984 kwa tofauti kubwa. Damu ya watu wa Embu haikubadilika kwa miaka 14. Kilichobadilika, kwa maelezo ya watafiti hao, ni mambo kama elimu ya wazazi, chakula na afya ya watoto. Mwambie mumeo hilo kwa upole, si kwa kumshinda. Na umwambie pia upande wa pili ili usawa uwepo: mabadiliko ya Embu yalichukua miaka, hayakuletwa na Jumamosi nane za Kilimani.

Basi, hufundishika? Kuna kiasi kinachofundishika na kuna kinachobaki. Kinachofundishika haraka ni ugeni wa kitu chenyewe. Mtoto ambaye hajawahi kuona maswali haya hupoteza muda mwingi akijiuliza anatakiwa kufanya nini. Akishaelewa mchezo, hupanda. Lakini kupanda huko hutokea zaidi mwanzoni, kisha mazoezi yanayofuata huongeza kidogo kidogo. Kama binti yako amekwenda tuisheni kwa wiki kadhaa na bado anaganda, sidhani kinachokosekana ni karatasi zaidi.

Ningependa kujua huyo mwalimu anamfundishaje. Muulize mtoto, tena mkiwa mnafanya kazi nyingine, si ana kwa ana mezani. Je, mwalimu humpa karatasi 50 amalize kisha akamwekea alama ya kosa? Au huketi naye kwenye swali moja alilokosa, akamwacha aseme alichokiona? Katika maswali haya vinavyobadilika si vingi: idadi, ukubwa, rangi au mistari ya ndani, upande lilikogeukia umbo, mahali lilipo, na kama limepinduliwa kama kwenye kioo. Mtoto akizoea kujiuliza kwa sauti, "Vitone vimeongezeka? Mshale umegeuka robo? Kilichokuwa cheusi kimekuwa cheupe?", jicho hupata pa kuanzia. Chukua swali moja, vyumba vinne. Juu kushoto pana pembetatu nyeupe, juu kulia ni pembetatu ileile imekuwa nyeusi na kugeuka chini. Chini kushoto pana mshale mweupe unaotazama juu. Chini kulia patupu. Mtoto anayetafuta jibu kati ya A na E huchanganyikiwa, kwa sababu majibu ya uongo hutungwa kwa makusudi yafanane na la kweli. Anayesema kwanza "imekuwa nyeusi, imegeuka chini" huwa ameshalijua jibu kabla hajayatazama yale matano. Funika majibu kwa kiganja, aseme anachotarajia, kisha funua. Hilo halihitaji shilingi 2,000.

Kuna na muda. Sehemu ya maumbo ina mafungu mawili, kila moja maswali 24 kwa dakika 10. Hizo ni sekunde 25 kwa swali. Mtoto mwangalifu kama wako, aliyezoea kuhakikisha kila jibu, anaweza kuwa anayaelewa vizuri lakini anabanwa na saa. Hapo ujuzi anaohitaji ni kuliacha swali linalomng'ang'ania na kusonga, jambo gumu sana kwa watoto wa mbele. Na kabla hamjaamua lolote, mpimeni macho. Mtoto anayekosa vitone vidogo na mistari myembamba kwenye kompyuta, na macho yanayochoka jioni, huenda anahitaji miwani.

Nimkumbuke na yule wa mandazi. Kijana wako wa miaka 8 aliliona C kwa sababu alikuwa anapita. Hakuna aliyemwambia kwamba swali lile lina karo ndani yake. Hana shangazi wa Jumapili wala ripoti ya Kilimani. Dada yake naye alikuwa amekaa na vyote hivyo mezani. Naomba tukio lile lisigeuzwe hadithi ya nyumbani, hata kwa utani, hata kwa kumsifu mdogo. Mkifanya maumbo, huyu mdogo apewe kazi yake, au mgeuze mambo: binti amtungie mdogo wake maswali. Kutunga kunamlazimu mtu kuchagua nini kibadilike na nini kibaki, na mtungaji ndiye anayelijua jibu. Kwa mtoto anayejiita mjinga wa maumbo, kukaa upande huo wa meza kunaweza kumfaa kuliko sifa zangu na zako.

Neno lile, mjinga wa maumbo, ndilo lililonikaa moyoni. Mtoto wa umri huo anaweza asitofautishe "nimekosa swali" na "mimi ni mtu wa kukosa". Maumivu ya tumbo usiyachukue kama hila. Yakiendelea hata siku ambazo kijitabu hakitolewi, mpeleke kliniki. Yakija na kijitabu na kuondoka nacho, mtoto anakuambia jambo ambalo hajapata maneno ya kulisema, ingawa maneno ndiyo uwanja wake.

Kuhusu zile karatasi za 15,000, nitasema kwa ufupi. Ama hana kitu na atakula pesa zako, ama ana kitu kilichoibwa. Ikiwa ni cha wizi na ikajulikana, atakayefutiwa nafasi ni mtoto. Isipojulikana, mtoto mwenyewe atajua. Umefanya vyema kutosema ndiyo. Fikiria pia kama ungependa mtu anayetoa ahadi ya namna hiyo aendelee kukaa na mwanao kila wiki, hata kama hutazungumza naye tena habari hizo.

Njia zilizo mbele yako ninaziona hivi. Unaweza kuendelea na kituo hadi mwisho. Faida yake ni kwamba mtoto anazoea kompyuta na saa, na wifi anatulia. Hatari yake umeshaiandika mwenyewe: tumbo, penseli, magauni yasiyochorwa, na Jumamosi zisizo na wateja. Unaweza pia kuacha kituo bila kuacha mtihani, mkafanya mazoezi mafupi nyumbani, robo saa jioni chache kwa wiki, pamoja na kukunja na kukata karatasi kibandani. Hatari hapa ni kwamba mama akigeuka mwalimu, mtoto anaweza kumpoteza mama aliyekuwa akikimbilia kwake. Ukichagua njia hii, kijitabu kiwe na mwisho wake, na mkishafunga kisizungumzwe tena usiku huo.

Ya tatu ni kumwacha afanye mtihani na alichonacho, huku nguvu mkiziweka kwenye Kiingereza na Hisabati anakong'aa. Shule nyingine hutazama picha nzima, na 113 yake ya maneno si haba. Nyingine hukata kwa sehemu iliyo dhaifu. Hujui yenu ni ya aina gani, na hilo linaweza kuulizwa kwa simu moja tu.

Na ya nne ni kumtoa kabisa. Hii unaiogopa kwa ajili ya wifi, lakini itazame kwa ajili ya mtoto. Akibaki kwenye mfumo wetu ataingia Gredi ya 7 bila kuchujwa, na KPSEA anayoifanya mwaka huu itachangia asilimia 20 ya alama zake za kuingia sekondari ya juu, pamoja na tathmini za shuleni na KJSEA ya Gredi ya 9. Kwa hiyo wiki hizi nane za maumbo zinakula pia muda wa mtihani ambao una uzito wake. Upande wa pili, nafasi ya ufadhili haiji kila siku, na kuna watoto ambao wangesikitika wakijua baadaye kwamba waliondolewa kabla ya kujaribu. Wako ni yupi kati ya hao? Mimi sijui, na sina hakika kama kuna mtu aliyemuuliza. Si kumuuliza "unataka shule ile?", maana atajibu anachodhani mnataka kusikia. Muulize angependa nini kiendelee na nini kikome, kisha nyamaza usikilize hata kama jibu litachelewa.

Jambo moja zaidi kuhusu hiyo nusu karo. Ufadhili ukipatikana, mtoto atasoma huko miaka mingi, na juu ya karo kuna sare, usafiri, safari za shule na mitihani. Kaeni na wifi yenu, wewe na mumeo pamoja, mjue ahadi yake inafika mwaka gani na itakuwaje mambo yake yakibadilika. Kikao hicho hicho kinaweza kuwa mahali pa kumwomba asiulize alama tena kwa simu. Ni vizuri mumeo ndiye amwambie, kwa kuwa ni dada yake, na atasikia tofauti na akiambiwa na wifi. Mpeni kitu kingine cha kuuliza. Mwanamke anayejitolea nusu karo anataka kuwa karibu na mtoto, na huenda alama ndiyo njia pekee ya kuwa karibu aliyopewa.

Kabla ya Jumamosi ijayo, pigia simu ofisi ya usajili ya ile shule. Hawatakushangaa, wazazi huuliza. Waulize kama ni CAT4 yenyewe au mtihani wao wa namna hiyo. Waulize kama ni kwa kompyuta au karatasi, kama ufadhili huamuliwa kwa jumla au kwa kila sehemu, na kama mtoto asiyepata ufadhili safari hii anaweza kurudi mwaka mwingine. Uliza pia kama watoto hupewa mifano ya mazoezi kabla ya saa kuanza kuhesabiwa. Katika CAT4 hupewa, na binti yako akilijua hilo mapema huenda akaingia chumbani akipumua. Kituo nacho kiulize kuhusu ile sehemu ya nne, kisha mwonyeshe mumeo jibu lao kabla hamjalipa tena.

Wakikuambia ufadhili huamuliwa kwa jumla, mtakuwa na sababu ya kuzipunguzia Jumamosi uzito. Wakisema kwa kila sehemu, mtakuwa na mazungumzo magumu zaidi, lakini mtayafanya mkijua ukweli. Niandikie wakikujibu, na unieleze binti amesema nini ulipomuuliza. Hapo tutaendelea.

Mshauri wako